Maswali ya Wasomaji: Kutabiri Hatua ya Makundi Bila Kupiga Ramli

Maswali mengi tuliyopokea yametoka kwa watu wanaoshindana na wenzao kujaza matokeo ya mechi za makundi kabla ya mashindano kuanza. Tumechagua matano. Majibu yote yanahusu kundi la timu nne na mechi sita, ushindi pointi tatu, sare pointi moja.

Swali: Kila mechi naangalia timu ipi ni kubwa, naipa ushindi, naendelea na nyingine. Kwenye msimamo wa makundi huwa naburuza mkia. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kumpa mkubwa ushindi katika mechi moja ni sawa kabisa. Tatizo linakuja ukijumlisha, kwa sababu ukifanya hivyo mechi zote sita, kila kundi lako litasomeka 9, 6, 3, 0. Tuseme kila mkubwa ana asilimia 60 za kushinda, na hapo tumemkadiria vizuri. Uwezekano wa zote sita kwenda hivyo ni 0.6 × 0.6 × 0.6 mpaka mara sita, ambao haufiki asilimia 5. Kombe la Dunia la 2018 makundi mawili kati ya manane yaliisha hivyo: la Uruguay, Urusi, Saudi Arabia na Misri, na lile la Ubelgiji, Uingereza, Tunisia na Panama. Qatar 2022 halikuwepo hata moja, wala hakuna timu iliyofikisha pointi 9.

Tenganisha kazi mbili. Katika utabiri wa mechi, chagua mwenye nafasi kubwa. Katika utabiri wa msimamo, gawa pointi kwa uwezekano. Timu yenye asilimia 54 za kushinda, 25 za sare na 21 za kufungwa inapata (3 × 0.54) + 0.25 = 1.87. Mpinzani wake anapata (3 × 0.21) + 0.25 = 0.88. Jumlisha mechi tatu za kila timu, panga kuanzia juu. Timu mbili zikitofautiana chini ya nusu pointi, zihesabu kuwa sawa, kisha angalia ratiba: nani anakutana na kigogo mechi ya tatu, wakati kigogo huenda ameshafuzu?

Swali: Hizo asilimia mnazitoa wapi? Naona wachambuzi wanazitaja tu.

Jibu: Zinatoka kwenye mabao. Chukua mechi 10 hadi 15 za mwisho za ushindani za kila timu. Za kirafiki ziache, maana makocha huzitumia kujaribu wachezaji na kubadilisha nusu ya kikosi. Tafuta wastani wa mabao ya kufunga na ya kufungwa kwa mechi. Kisha zidisha wastani wa kufunga wa timu A kwa wastani wa kufungwa wa timu B, ugawe kwa wastani wa mabao ya timu moja katika mashindano yenyewe. Qatar 2022 mechi 48 za makundi zilizaa mabao 120, yaani 2.5 kwa mechi au 1.25 kwa timu. Urusi 2018 yalikuwa 122, kwa hiyo 1.25 inatosha kuanzia.

Mfano: A inafunga 1.9 kwa mechi na B inafungwa 1.05. Hesabu ni 1.9 × 1.05 ÷ 1.25, karibu 1.6. B inafunga 1.25 na A inafungwa 0.9, hivyo B inabaki na 0.9. Hayo ndiyo mabao tarajiwa.

Sasa tumia kanuni ya Poisson, hesabu inayogeuza wastani wa mabao kuwa uwezekano wa kufunga bao 0, 1, 2 na kuendelea. Kwenye kikokotoo cha simu, upande wa kisayansi, tafuta kitufe cha e na kipeo, uweke hasi 1.6. Utapata 0.202, ambao ni uwezekano wa A kutofunga kabisa. Bao moja: 0.202 × 1.6 = 0.323. Mawili: 0.323 × 1.6 ÷ 2 = 0.258. Matatu: 0.258 × 1.6 ÷ 3 = 0.138. Manne: 0.138 × 1.6 ÷ 4 = 0.055. Fanya vivyo hivyo kwa B na 0.9 yake, upate 0.407, 0.366, 0.165, 0.049 na 0.011. Matokeo ya 1-0 ni 0.323 × 0.407, sawa na asilimia 13. Chora jedwali la tano kwa tano, zidisha kila mstari na kila safu, kisha jumlisha miraba ya ushindi wa A, ya sare na ya ushindi wa B. Utakuta 54, 25 na 21, ukishamwongezea A vidogo vilivyobaki nje ya jedwali, maana karibu vyote ni vyake.

Angalia hapo: sare ni robo ya mechi lakini si tokeo linaloongoza. Ndiyo maana watabiri wengi hawaandiki sare hata moja, wakati Qatar zilikuwa 10 katika mechi 48, na Urusi 9.

Hesabu hii huharibika mara nyingi mahali pamoja: mabao ya kufuzu dhidi ya timu dhaifu. Timu iliyowahi kumpiga mtu 9-0 itaonekana moto wa kuotea mbali. Sisi hatuhesabu bao la tano na kuendelea katika mechi moja. Pia pima jibu lako kwa viwango vya Elo, mfumo unaoipa kila timu pointi kulingana na matokeo yake na nguvu ya wapinzani. Kwenye orodha ya Elo ya mataifa, tofauti ya pointi 100 ni sawa na matarajio ya 0.64 kwa timu iliyo juu, na 200 ni 0.76, ushindi ukihesabiwa 1 na sare nusu. Mfano wetu unatoa 0.54 + 0.125, yaani 0.665, ambayo ni tofauti ya pointi kama 120. Ukikuta Elo inasema timu hizo ziko sawa, mabao yako yametoka kwa wapinzani wepesi. Yarudishe karibu na 1.25. Mwenyeji aongezwe pointi 100, kama orodha hiyo inavyofanya. Usizichanganye na pointi za FIFA: tangu 2018 nazo zinafuata mtindo wa Elo, lakini katika fomula yake tofauti ya pointi hugawanywa kwa 600 badala ya 400 ya Elo, hivyo tofauti ya 100 huko ni karibu 0.60 tu.

Poisson pia huipunja kidogo 0-0 na 1-1. Usiirekebishe kwa kuangalia mashindano mamoja, kwani suluhu za 0-0 katika makundi zilikuwa sita mwaka 2022 na moja tu mwaka 2018.

Swali: Shindano letu linatoa pointi 3 kwa matokeo kamili na 1 kwa kupatia mshindi au sare tu. Timu zikilingana huwa naandika 1-1. Ni sahihi?

Jibu: Kwa mfumo huo, hapana. Chukua timu mbili zinazolingana kabisa, kila moja na mabao tarajiwa 1.25. Tokeo moja lenye uwezekano mkubwa kuliko yote ni 1-1, asilimia 12.8. Ila sare zote kwa pamoja ni asilimia 27, na ushindi wa kila upande ni 36.5.

Ukiandika 1-1, unatarajia pointi 1 × 0.27, na nyongeza ya pointi 2 × 0.128, jumla karibu 0.53. Ukiandika 1-0 kwa timu yoyote kati ya hizo, ni 0.365 + (2 × 0.103), jumla 0.57. Kwa hiyo 1-0 inalipa zaidi hata pale timu zinapolingana. Matokeo kamili yakilipwa pointi 4, 1-0 bado inaongoza kwa kiasi kidogo. Yakilipwa 5, mambo yanageuka: 1-1 inapata 0.783 na 1-0 inapata 0.775. Soma kanuni za shindano lenu kabla ya kujaza mechi ya kwanza. Namba hiyo moja ndiyo inayoamua uandike sare ngapi.

Swali: Raundi mbili za kwanza huwa nafanya vizuri, ya tatu inaniangusha vibaya. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu mechi ya tatu haichezwi na timu zilezile, hata kama jezi ni zilezile. Qatar 2022, Ufaransa, Brazil na Ureno zilikuwa na pointi 6 baada ya mechi mbili, zikapumzisha wachezaji, na zote tatu zikafungwa: Tunisia 1-0 Ufaransa, Kamerun 1-0 Brazil, Korea Kusini 2-1 Ureno. Aliyeangalia majina alikosa zote.

Kabla ya kujaza raundi hii, andika mbele ya kila timu inahitaji nini. Timu iliyofuzu na kujihakikishia nafasi ya kwanza, sisi huikata robo ya mabao yake tarajiwa. Ni makadirio yetu, lakini athari yake inaonekana: ile A ya 1.6 ikishuka hadi 1.2, ushindi wake unatoka asilimia 54 hadi 43 na sare inapanda kutoka 25 hadi karibu 30. Kama nafasi ya kwanza bado inagombewa, usiikate kiasi hicho. Kikosi rasmi hutoka saa moja na zaidi kabla ya mechi. Shindano lenu likiruhusu kubadilisha, subiri.

Halafu kuna mechi ambayo sare inawatosha wote. Mwaka 2018 Ufaransa walikuwa wameshafuzu na Denmark walihitaji pointi moja. Ikaisha 0-0, suluhu pekee katika mechi zote 64 za mashindano yale. Mwaka 1982 kule Gijón, ushindi wa 1-0 wa Ujerumani Magharibi dhidi ya Austria uliwavusha wote wawili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. Ndiyo sababu tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Hata hivyo wachezaji hupata habari za uwanja wa pili, kwa hiyo pale sare inapowafaa wote, mpe sare uzito kuliko kikokotoo kinavyosema.

Timu inayohitaji ushindi tu ni kinyume chake. Dakika za mwisho hupandisha mabeki na kuacha mapengo nyuma, hivyo mabao huongezeka pande zote mbili. Hapo 2-1 ni bora kuliko 1-0.

Swali: Pointi 4 zinatosha kufuzu? Na 3 je? Kila mtu ananipa jibu lake.

Jibu: Inategemea mashindano, na hapa lazima ufungue kanuni zake. Kombe la Dunia la timu 32 walipita wawili tu kila kundi. Mwaka 2022 timu kumi zilimaliza na pointi 4 na zikapita tatu: Poland, Hispania na Korea Kusini. Kwenye AFCON na Euro za timu 24 wanapita pia washindi wa tatu bora wanne kati ya sita, na kwenye Kombe la Dunia la timu 48 wanane kati ya 12. Hapo pointi 4 katika nafasi ya tatu ni karibu tiketi mkononi. Nafasi ya nne ni habari nyingine: Euro 2024, Romania, Ubelgiji, Slovakia na Ukraine zote zilipata 4, na Ukraine ikafungasha virago.

Pointi 3 ndizo zenye utata. AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, wenyeji walishinda mechi moja, wakafungwa mbili, mabao 2 ya kufunga na 5 ya kufungwa. Walipita wakiwa wa mwisho kati ya washindi wa tatu bora, kwa kuwa Ghana na Zambia zilikuwa na pointi 2, na baadaye wakabeba kombe. Euro ya mwaka huohuo Hungary ilimaliza na pointi 3, mabao 2 kwa 5 vilevile, ikatolewa, kwa sababu washindi wa tatu watatu walikuwa na pointi 4 na Slovenia ilikuwa na 3 bila deni la mabao. Kwa hiyo huwezi kujaza kundi moja ukaliacha. Orodha ya washindi wa tatu ijazwe mwisho, makundi yote yakiwa mezani.

Timu za kundi moja zikifungana kwa pointi, angalia kipi kinatangulia. FIFA mwaka 2022 ilianza na tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga: Korea Kusini na Uruguay zilikuwa na pointi 4 na tofauti sifuri, Korea ikapita kwa mabao 4 dhidi ya 2. UEFA na CAF huanza na matokeo ya timu zenyewe kwa zenyewe, na FIFA imeuchukua utaratibu huo kwa Kombe la Dunia la 2026. Tofauti hii inabadilisha utabiri. Euro 2004, sare ya 2-2 au ya mabao zaidi kati ya Denmark na Sweden ingeitoa Italia hata ikishinda mechi yake. Italia ilishinda, na wale wawili wakatoka 2-2.

Kadi nazo zihesabu. Japani na Senegal mwaka 2018 zililingana pointi, mabao, hata mechi yao iliisha 2-2. Japani ilikuwa na kadi nne za njano, Senegal sita, na Japani ikapita. Kwa hiyo ukiona timu mbili za kundi zinabanana, weka safu ya kadi pembeni ya jedwali lako tangu mechi ya kwanza. Kuzitafuta usiku wa raundi ya tatu, mechi zikiwa zinaendelea, kutakuchelewesha.