"Pissed" na "pissed off" ni vitu viwili

Dada, umeuliza kama yule mgeni Mwingereza aliyewaandikia "we got pissed" alikasirikia huduma yenu. Hapana, anasema yeye na wenzake walilewa. Kwa Waingereza "pissed" ni kulewa chakari. Hasira ni "pissed off". Wanaotuchanganya ni Wamarekani: wao hukata hilo "off", wakisema "pissed" tu wamekasirika. Kwa hiyo kabla hujamwomba mtu radhi, angalia kwanza katokea wapi.

Nimepeleka wageni Ruaha na Isimila kutokea hapa Iringa, na jambo hili lilinikuta. Asubuhi moja mzee Mwingereza kaniambia mwenzake "is still pissed", nikakimbilia jikoni kuuliza chakula cha jana kilikuwa na kasoro gani. Kumbe jamaa yuko kitandani, shuka kajifunika hadi usoni, anataka maji ya kunywa tu.

Ila ukiambiwa "piss off", hapo hakuna pombe tena: unafukuzwa. Na yote matatu ni maneno makali ya mtaani. Yaelewe, lakini wewe mbele ya wageni sema "drunk" au "angry".