Ramu yangu imekuwa dawa ya jino

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni baharia kwa meli za watalii, mwaka jana tulitia nanga Grenada, kisiwa cha Karibiani, na mama mmoja wa pale akanionjesha ramu ya viungo ametengeneza mwenyewe nyumbani kwake, yani ile harufu ilinirudisha Malindi kabisa, kama vile jirani anapika pilau. Niliporudi likizo nikanunua chupa ya ramu nyeupe, nikatia kijiko kizima cha karafuu, vijiti vitatu vya mdalasini na kungumanga nzima nimeikwangua yote, nikaacha wiki mbili juu ya kabati. Sa hizi imekuwa nyeusi, chungu, na ulimi unakufa ganzi. Nimwage? Halafu, si naweza kupika ramu yangu toka mwanzo, manake molasi ya miwa inayotengenezewa ramu inapatikana? – Baharia, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ganzi ni karafuu, ndo ile ile tunayoweka kwa jino likiuma, ina mafuta yanaitwa yujenoli na pombe kali inayavuta haraka sana. Kijiko kizima kwa wiki mbili, hata mkungu wa ndizi ungekufa ganzi! Na kungumanga nzima kwa chupa moja ni nyingi mno, kungumanga ikizidi inatapisha na kuchanganya akili, kwa hivo hiyo sio ya kuokoa kwa kuongeza maji. Mwaga, uanze upya.

Sasa sikiza. Kosa lako ni kudhani viungo vyote vinataka muda sawa. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana (plastiki usitumie), mimina ramu ya mililita 750 ya asilimia 40, tia kijiti kimoja cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu tatu tu, hesabu moja mbili tatu, iliki tatu umezipasua, pilipili manga tatu, slesi mbili za tangawizi, na kungumanga ukwangue kidogo tu, ile ya kushika kwa ncha ya kisu. Ganda la chungwa menya jembamba sana bila ule weupe wa ndani, ule weupe ndo uchungu wenyewe. Ukipata vanila, pasua nusu ya ganda lake uitie na mbegu zake.

Weka gizani, sio juani, na kila jioni onja tone moja kwa kijiko. Kesho yake karafuu zitoe, usizionee huruma. Kesho kutwa toa mdalasini na ganda la chungwa, haswa mdalasini wetu wa sokoni ule mnene mgumu, ule ni mkali kuliko wa Sri Lanka unaojikunja kama karatasi. Vanila ikae mpaka wiki. Utaona rangi inageuka polepole kama chai ya rangi iliyokolea, ndo hapo uchuje kwa kitambaa cha melimeli mara mbili, halafu utie vijiko viwili vya sukari guru umeiyeyusha na maji moto kidogo na ikapoa. Iache siku tatu kabla ya kumpa mgeni.

Huyo mama wa Grenada hakukosea kuitia kungumanga, kwao iko mpaka kwenye bendera. Kimbunga Ivan cha 2004 kiliangusha mikungumanga mingi sana huko, na mti huo unachukua miaka mingi kuzaa, sasa mtu aliyengoja hivo hawezi kuwa na pupa na kiungo.

Kupika toka mwanzo, hapana mwanangu, nakuomba. Babangu alikuwa mgema na najua mnazi ni kitu kingine, lakini kukeneka, yani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, kunaweza kukupa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, hiyo inapofusha macho na hata kuua, na kwa ladha huwezi kuijua. Tena Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kutengeneza na kuuza. Kutia viungo kwa chupa uliyonunua dukani, ukanywa na wenzio nyumbani, hiyo inatosha sana.

SWALI: Mama, sisi huku hatunywi pombe, lakini mume wangu alionja kinywaji chekundu cha Krismasi akiwa Jamaica na hakisahau. Ni nini? – Mke wa nahodha, Lamu

JIBU: Hiyo ni karkade, mwanangu, kinywaji cha maua mekundu ya hibiskasi, wao huiita sorrel, na wengi huitia ramu lakini haihitaji. Vikombe viwili vya maua hayo makavu, lita mbili za maji, tangawizi ya kuponda, karafuu nne, ganda la chungwa. Chemsha dakika kumi, funika ilale usiku kucha, asubuhi chuja, tia sukari na ndimu, weka kwa friji. Mpe kwa glasi ya kioo, aione rangi.