Ubia wa kujenga ghorofa Keko: wapangaji waliopo wawekwe wapi?

SWALI: Mhariri, sisi ni marafiki watatu wa Temeke, Dar es Salaam. Mmoja ni mhandisi, mwingine ni mhasibu, nami na ndugu zangu tumeachiwa na marehemu baba viwanja viwili vinavyopakana huko Keko, vyenye nyumba za Kiswahili ambazo kila chumba kina mpangaji wake. Tunataka kuungana tujenge ghorofa nne, lakini hatupendi wapangaji hao, wengi wao mafundi seremala na mama lishe, waishie kusukumwa pembezoni mwa mji. Tuanzeje ubia wa namna hiyo, na tutailindaje nia hii pesa zitakapoanza kuingia?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na mirathi, kwa sababu kabla haijakamilika hakuna ardhi mnayoweza kuiingiza katika ubia. Mahakama imteue msimamizi wa mirathi, warithi wote waridhie kwa maandishi, na umiliki uhamishwe kihalali. Mwangalie pia kama viwanja hivyo vina hati miliki au leseni ya makazi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, leseni ya makazi haitolewi kwa zaidi ya miaka mitano, ilhali hati miliki huweza kufikia miaka 99, na si busara kusimamisha jengo la kudumu juu ya haki ya muda mfupi kiasi hicho.

Kuhusu sura ya ubia wenyewe, sishauri ubia wa kawaida unaoishia kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa kuwa katika ubia huo deni la jengo huweza kumfuata kila mbia hadi kwenye mali zake binafsi. Undeni kampuni yenye dhima yenye ukomo, ardhi ya familia ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, na thamani hiyo igeuzwe kuwa hisa za warithi, badala ya kukubaliana kwa mdomo kwamba mwenye kiwanja atapewa ghorofa moja. Migogoro mingi ya ubia wa aina hii huanzia katika makubaliano ya mdomo.

Sasa nije kwenye lile linalokusumbua zaidi, nalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha swali lako. Nia njema isiyoandikwa kwa tarakimu haidumu. Atakuja mtu mwenye fedha akitaka vyumba vyote kwa kodi maradufu, na siku hiyo hata rafiki mwaminifu atapata sababu ya kubadili mawazo, hasa akiwa na ada za watoto za kulipa. Kwa hiyo katiba ya kampuni itaje vyumba vingapi ni vya wapangaji wa sasa, kodi yao itapanda kwa kiwango gani na kwa kanuni ipi, faida kiasi gani inaweza kugawanywa kwa mwaka, na mbia anayetaka kutoka auze hisa zake kwanza kwa wenzake. Kubadili katiba ya kampuni huhitaji azimio maalumu la robo tatu ya kura. Maana yake ni kwamba anayeshika zaidi ya robo ya kura anaweza kuzuia badiliko lolote. Wasaidieni wapangaji waunde chama cha ushirika cha nyumba, kisha mkipatie asilimia 26 ya kura, hata kama mgawo wake wa faida utakuwa mdogo. Najua pendekezo hili litawatia hofu warithi, lakini sioni kinga nyingine yenye nguvu kama hiyo.

Fedha zitatoka wapi? Mikopo ya benki hutozwa riba ambayo mara nyingi huzidi asilimia 10 kwa mwaka, nayo haiwezi kulipwa kwa kodi za wapangaji wa kipato cha chini peke yake. Ghorofa ya chini iwe na fremu za maduka zinazopangishwa kwa bei ya soko, na vyumba kadhaa vya juu viuzwe kwa hati za sehemu chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ili mapato hayo yabebe sehemu ya gharama za vyumba vya kodi nafuu. Hesabu zikibana, msiongeze ghorofa nje ya kibali. Mji huu haujasahau Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36.

Kuna funzo pia Chamazi, ambako watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga, wakanunua ekari 30 na kujijengea kwa matofali waliyofyatua wenyewe. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, ila Chamazi ni mbali na mahali walipokuwa wakipata riziki. Seremala wa Keko anaishi karibu na wateja na mbao zake, na nauli ya kila siku inaweza kumla kuliko kodi.

Mwisho ni kipindi cha ujenzi, ambacho wabia wengi hukipuuza. Kaya 644 za Magomeni Kota zilisubiri kwa miaka mingi baada ya kuhamishwa, hadi majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Jengeni kiwanja kimoja kwanza huku wapangaji wake wakipewa nafasi katika nyumba za kiwanja cha pili au fedha za kupanga jirani, na kila mmoja apewe mkataba unaotaja chumba atakachorudi, kodi yake, na kwamba atalipa mwezi kwa mwezi badala ya kudaiwa miezi sita kwa mkupuo. Mikataba hiyo isainiwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ukuta wa kwanza haujabomolewa.