Je, Mtume (S.A.W.) alizaliwa Makka au Petra?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kuna video inazunguka kwenye simu inasema Mtume hakuzaliwa Makka bali Petra, kule Jordan, na kwamba misikiti ya mwanzo ilielekea huko. Nimeingiwa na wasiwasi. Je, nimekufuru?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hukukufuru. Masahaba walimshtakia Mtume (S.A.W.) mambo yaliyowapitia nafsini wakaona vizito kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi (Muslim).

Aliyeyaeneza maneno hayo ni Dan Gibson, mwandishi wa Canada, katika kitabu cha 2011. Hadithi moja tu inatosha kuyapima. Ibn Umar anasimulia kuwa watu walikuwa Quba, kando ya Madina, wakiswali Alfajiri, nyuso zao zimeelekea Sham, kwenye kibla cha mwanzo, Baytul Maqdis (Yerusalemu). Akaja mtu akawaambia kibla ni Kaaba sasa, wakageuka papo hapo (Bukhari na Muslim). Fungua ramani. Ukiwa Madina, Baytul Maqdis na Petra ziko upande mmoja, kaskazini-magharibi, karibu mstari uleule. Kaaba ingekuwa Petra, watu wa Quba wangesogeza nyayo kidogo, basi. Makka iko kusini; hapo ndipo safu nzima inageuka na imamu analazimika kuhamia upande wa pili.

Na Petra yenyewe? Mwaka 1993 ziligunduliwa katika magofu ya kanisa la huko hati za mafunjo zilizoungua, za karne ya 6, karne aliyozaliwa Mtume. Zimeandikwa kwa Kigiriki: mambo ya mashamba, mirathi, ndoa, kodi. Ni mji wa Wakristo chini ya Warumi. Makureshi, kabila la Mtume, na masanamu yao 360 wako wapi humo?

Ama misikiti, ni kweli mingi haikulenga sawasawa. Watu walikadiria kwa jua na nyota, kama alivyoeleza David King, mwanahistoria wa falaki. Msikiti wa Cordoba, Hispania, haukuelekea Makka, wala Petra! Na Mtume alisema: "Baina ya mashariki na magharibi ni kibla" (Tirmidhi), maneno yanayowafaa watu wa Madina.

Penye nafasi ya kuuliza ni nyumba aliyozaliwa. Pale Suqul Layl, mtaa wa Makka penye maktaba leo, tunapajua kwa mapokezi ya watu wa Makka, si kwa hadithi sahihi, na ukipatilia shaka hakuna wa kukulaumu. Ama mji, wanazuoni kwa jumla wamesema ni Makka.

Wallahu aalam.