Kwa asistanti wapya: fishi haipelekwi nyumbani

Juzi nimemwona mwenzenu mmoja akigawa fishi za malengo, zile karatasi za mwanafunzi kuandika malengo na ratiba yake, kwenye oditwari (ukumbi wa masomo) ya L1, mwaka wa kwanza wa lisansi, mstari kwa mstari, halafu akawaambia watoto: "Mtaniletea Ijumaa." Nikageuka nikaenda zangu nisije nikasema neno mbele ya wanafunzi. Kila mwaka huyo mtu anarudi, sura tu ndiyo inabadilika. Basi someni haya, mniache nipumue.

1. Fishi inajazwa mbele yako, na kalamu anaishika mwanafunzi. Ijumaa utaletewa karatasi safi zilizonakiliwa kwa mwenzake usiku wa Alhamisi. Na wewe usimjazie. Mmarekani Burns Crookston aliandika mwaka 1972 kwamba kuna mshauri anayetoa maagizo kama daktari kwa mgonjwa, na kuna anayebeba kazi pamoja na mwanafunzi mpaka akue. Sisi leo bado tunaandika "jitahidi zaidi" kwenye kisanduku cha maoni. Ajitahidi wapi? Saa ngapi?

2. Anzeni na hesabu. LMD, mfumo wetu wa lisansi, masta na doktora, mnaijua: krediti 30 kwa muhula, 180 mpaka lisansi. Krediti moja ni saa 25 za kazi, pamoja na TPE, kazi binafsi ya mwanafunzi nje ya darasa, ambayo hakuna anayeihesabu. Muhula mzima ni saa 750; gawa kwa majuma 15, unapata saa 50 kila juma. Usimtajie jibu. Apige mwenyewe kwenye simu yake, aandike pembeni ya fishi, nawe unyamaze. Mtoto aliyemwagiwa unga kichwani mwaka jana kusherehekea diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, anadhani kazi imekwisha. Hiyo 50 atakuuliza mara mbili kama hajakosea.

3. Ratiba ya juma. Hapa nitakawia, maana hapa nilimuumiza mtu.

Alikuwa binti wa Kadutu, hapa Bukavu, mtulivu, wa kukaa benchi la mbele. Aliniletea ratiba iliyopigwa mistari kwa rula, rangi tatu, kila usiku saa mbili hadi saa tano: kusoma. Nilifurahi kama mjinga. Nikaibandika ukutani nyuma ya meza yangu ili wengine waone kazi inavyofanywa. Kweli wakaona! Majuma yaliyofuata fishi zote zilikuja na saa mbili hadi saa tano, hata ya kijana ambaye kila mtu alijua anafunga butiki ya mjomba wake saa nne usiku. Sikushtuka. Nilidhani nimefaulu.

Delibe, yaani matokeo ya mtihani, ikatoka, binti ameanguka kozi nyingi. Alipokuja hakulalamika, aliomba kitu kimoja tu: "Asistanti, ile fishi uitoe ukutani, wenzangu wananicheka."

Ndipo nikamwuliza nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: jana usiku ulifanya nini? Kumbe saa mbili ndiyo saa mama yake anarudi kutoka sokoni, wanahesabu pesa, anapika. Taa ya kuchaji ni moja, nayo inakaa karibu na babula, jiko la makaa. Umeme wa mtaa wao ulikuwa unarudi usiku wa manane. Alikuwa anasoma kweli, kuanzia saa kumi alfajiri, wengine wamelala. Mbona hukuandika hivyo? Akanyoosha kidole kwenye fishi. Jedwali langu lilianza saa kumi na mbili asubuhi, likaisha saa tano usiku. Mstari wa saa kumi alfajiri haukuwapo. Nilikuwa nimeuchapa mwenyewe, nikajivunia mpangilio wake.

Sasa jedwali langu lina saa zote 24. Na tunajaza siku ya jana kwanza, jinsi ilivyopita, pamoja na foleni ya maji na usingizi wa mchana. Ya juma lijalo tunaigusa baadaye.

4. Fishi ya baada ya mtihani itoeni siku ileile kopi (karatasi za majibu) zinaporudishwa. Maswali matatu: ulijiandaa vipi, pointi zilipotea wapi, utabadilisha nini kabla ya ratrapaji, mtihani wa marudio. Atakayeandika "profesa ananichukia", mwache aandike, halafu mfungue kopi pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

5. Karatasi ya Cornell ya kuandikia noti, ya Walter Pauk, maswali pembeni na muhtasari chini: nzuri kwa silabusi nene za historia na sheria. Watu wa hisabati msiwasumbue nayo.

6. Kisanduku kilichobaki kitupu ndicho cha kuulizia. Watoto wetu wanaacha wazi "nani anakulipia masomo". Usikijaze kwa kukisia, usikipite. Uliza mkiwa wawili tu, mlango umefungwa.

7. Na kwa sababu hiyo, fishi mzitunze. Nimewahi kununua karanga sokoni Nyawera, nikafungua kile kikaratasi, nikasoma: "Tatizo langu kubwa: baba amefariki, minervali bado." Yaani ada ya masomo haijalipwa. Jina lilikuwa juu, wazi kabisa. Sijui ilitoka ofisi gani, na siku ile sikuzila zile karanga.

Zenye majina zinakaa kwenye kabati la chuma, zilizopitwa na muda zinachomwa. Ufunguo uko kwangu. Anayeutaka aje kabla ya saa tisa, na asimtume apariteri, mhudumu wa ofisi.