Mavazi ya stara kwa msafiri aendaye nchi ya joto

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi na mume wangu tunajiandaa kwenda kufanya kazi kwa muda katika nchi yenye joto kali, ambayo watu wake wameshikamana na mavazi ya stara na wanawake wengi huvaa mabaibui meusi. Baibui zito hunitoa vipele vya joto shingoni na mgongoni. Je, naruhusiwa kufungasha nguo nyepesi za rangi nyingine? Na mume wangu akichukua kaptura, kuna ubaya?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Dada yetu, usidhani kwamba kuutafutia mwili wako nafuu ni upungufu wa imani. Katika Sura An-Nahl, aya ya 81, Allah anataja nguo zinazotukinga na joto kuwa miongoni mwa neema Zake, na katika An-Nur, aya ya 31, anawaamrisha waumini wanawake washushe shungi zao hadi vifuani. Aliyeneemesha ndiye aliyeamrisha. Kwa kauli ya wanachuoni wengi, unalotakiwa ni kusitiri mwili isipokuwa uso na viganja, kwa vazi lisiloonyesha ngozi wala kuchora umbo. Weusi si sharti, wala uzito si sharti.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kitambaa chenyewe. Imamu Ahmad amepokea kwamba Mtume (rehema na amani za Allah ziwe juu yake) alimpa Usama bin Zayd nguo nzito ya Kimisri, naye Usama akampa mkewe. Mtume akamwagiza amwambie avae shimizi chini yake, kwani alichelea isije ikaonyesha ukubwa wa mifupa yake. Zingatia kuwa nguo ile ilikuwa nzito, na bado ilihofiwa kuchora mwili. Kwa hiyo chagua pamba au kitani kilichoshonwa kikapwaya, ambacho hupitisha hewa, na uepuke poliesta nyembamba, kwa kuwa huzuia jasho kisha ikagandamana na mgongo. Kabla ya kuitia nguo sandukuni, ingiza mkono ndani yake na uielekeze kwenye mwanga wa jua. Kisha ilowanishe kidogo sehemu ya mgongoni na uitazame tena, maana nguo isiyoonyesha ikiwa kavu huweza kuonyesha ikilowa jasho. Ivae, unyooshe mkono juu kama anayeshusha mzigo, uone kama mkono wa nguo hauporomoki hadi kwenye kiwiko. Shimizi jepesi la pamba litakufaa kuliko baibui la pili.

Mikono ya nguo isibane pia kwa ajili ya udhu. Al-Mughira bin Shu'ba amesimulia kwamba katika safari ya Tabuk, ambayo ilifanyika wakati wa joto kali, Mtume alivaa juba la Kishamu (yaani la watu wa Syria na nchi jirani) lenye mikono myembamba, na alipotaka kutawadha hakuweza kuipandisha, akalazimika kuitoa mikono yake kwa chini ya juba. Hadithi hii, ambayo ni sahihi, inatufunza pia kwamba vazi lililoshonwa kwa mtindo wa watu wengine ni halali maadamu halina kilichokatazwa. Basi ukipenda kuvaa kama wenyeji wako, vaa. Na ukipendelea rangi nyingine, chukua zilizotulia, kama kijivu au kahawia, kwa kuwa Mtume ametuonya dhidi ya vazi la kujitangaza, na mgeni hukodolewa macho hata bila kukusudia. Ikiwa sheria ya nchi hiyo imeainisha vazi maalumu, lifuate, kwani kufanya hivyo si dhambi.

Ama mumeo, aura yake (sehemu ya mwili inayopasa kusitiriwa) kwa kauli ya wanachuoni wengi ni baina ya kitovu na magoti, hivyo kaptura inayopanda juu ya magoti aiache. Inayovuka magoti haina ubaya kwa asili yake, lakini pale ambapo wenyeji wanaiona kuwa ni utovu wa adabu, sioni kwa nini aing'ang'anie, ilhali kanzu au suruali pana ya pamba humpa nafuu ile ile ya joto.

Fungasha pia nguo nyepesi za chumbani, ili ngozi yako ipate hewa mnapokuwa faraghani, kwani huko hakuna masharti haya baina yako na mumeo. Na vipele vikizidi, mwone daktari kabla ya safari.

Wallahu a'lam.