Vyeti visomane: kwa wadogo zangu mnaotafuta kazi Dodoma

Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kupokea na kuchambua maombi ya ajira hapa Dodoma, na wanaoniuma zaidi ni vijana waliofaulu vizuri, wenye sifa zote za tangazo, wanaorudishwa kabla hata hawajaulizwa swali la kitaaluma. Cheti cha kuzaliwa kinamtaja mtu mmoja, cheti cha kidato cha nne kinamtaja mwingine, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina wa tatu, na wote watatu ni yeye. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu, na ninyi mnaoshuka stendi ya Nane Nane kutoka Kondoa, Manyoni au Mpwapwa mkiwa na ari ya kazi: shughulikieni karatasi zenu sasa, tangazo likiwa bado halijatoka.

Mwajiri makini anataka kujua mambo mawili. Wewe ni nani, na je, sheria inakuruhusu kufanya kazi hii hapa nchini? Kwa Mtanzania, jibu la swali la pili limo ndani ya la kwanza, kwa kuwa ukithibitisha uraia hakuna kibali kingine cha kuomba. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania, na kwa kawaida asiwe amezidi miaka 45. Uraia na umri havithibitishwi kwa maneno. Vinathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na bila namba hiyo hata akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, huifungui.

Itazame vizuri namba yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo mtu akishika fomu yako, kabla hajasoma jina, ameshaona umezaliwa lini kwa mujibu wa NIDA. Ikiwa cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kina mwaka mwingine, tofauti inaonekana papo hapo. Nimeona wengi waliojiandikisha NIDA kwa kukisia tarehe, kwa sababu cheti kilikuwa kijijini kwenye sanduku la bibi na foleni ilikuwa ndefu. Marekebisho yanawezekana, unayaanzia ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Lakini yanachukua muda, na tangazo la kazi mara nyingi linakaa wiki mbili tu.

Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa kabisa asikate tamaa. Usajili wa mtu mzima upo. Ulizia huduma za RITA kwenye ofisi za wilaya unakotoka, ukiwa na chochote kinachoonyesha ulizaliwa wapi, lini na kwa nani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba. Na kama ndiyo kwanza unaomba kitambulisho cha taifa, jua kwamba maofisa wa Uhamiaji nao huipitia fomu yako, na watauliza habari za wazazi. Wadogo zangu ambao kwao ni mikoa ya mpakani huulizwa zaidi. Beba nakala ya kitambulisho cha baba au mama, ujibu kwa utulivu. Wapo kwa ajili ya kujua uraia wako umetoka wapi.

Sasa nije kwenye majina, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

Sisi watu wa kanda ya kati tuna majina yenye sauti ambazo makarani wengi hawajui kuziandika. Kata ya Ng'hong'honha, hapo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, unaweza kuikuta imeandikwa kwa namna tofauti kila unapopita. Kama jina la eneo zima linapata shida hiyo, la mtoto aliyeandikishwa shule na mjomba wake litasalimika vipi? Mwalimu mmoja anaweka ile ritifaa, yaani kialama cha juu kwenye ng', mwingine anaiacha, wa tatu anaondoa na herufi h. Halafu kuna jina la nyumbani na la ubatizo, kuna aliyetumia jina la babu msingi na la baba sekondari, kuna dada aliyeolewa akaongeza jina la mume NIDA ilhali shahada yake ina la baba. Kwa mtu wa nyumbani hayo yote ni kitu kimoja. Kwa anayekagua, hakuna namna ya kujua.

Msimamo wangu kwenye hili ni huu: chukua jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne ndilo liwe kiongozi, kwa sababu vyeti vyote vya juu hulifuata, na hivyo ndivyo vigumu kubadilisha. Mengine yarekebishe yafuate hilo pale inapowezekana. Pale isipowezekana, nenda kwa wakili akuandalie deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, kisha uhakikishe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hapa wengi huishia njiani. Wanaridhika na kiapo cha mahakamani kisemacho majina haya mawili ni ya mtu mmoja, wakati tangazo la kuitwa kwenye usaili linataka deed poll iliyosajiliwa. Muulize wakili swali hilo moja kabla hujamlipa: atakusajilia, au unakwenda mwenyewe?

Lipo jambo lingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, na mimi naliandika wazi. Wapo waliorudia darasa la saba, au waliingia kidato cha kwanza, kwa jina la mtoto mwingine, kwa uamuzi wa wazazi, wakiwa wadogo mno kukataa. Hilo deed poll hailiponyi, kwa kuwa yule mwenye jina yupo hai na ana maisha yake. Ukiwa katika hali hiyo usiende steshenari kutafuta wa kukutengenezea karatasi. Nenda kwa mwanasheria, mweleze ukweli wote, akuonyeshe njia iliyopo kisheria.

Mnaodhani cheti cha kughushi kikishapita kimepita, kumbukeni Aprili 2017. Hapa hapa Dodoma, pale UDOM, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini, wana watoto shuleni na nyumba nusu zimejengwa. Waliondolewa.

Siku ya usaili beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha mwisho cha chuo. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi, hata ikiwa na mhuri mzuri namna gani. Aliyesoma nje ya nchi awe ameshapata ithibati ya TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari au NACTVET kwa vyuo vya kati, kulingana na ngazi yake. Kama kada yako ina bodi au baraza, kama wauguzi, wafamasia na wahandisi, cheti cha usajili kiwepo, na leseni hai pale inapotakiwa. Ongeza kitambulisho chenye picha. Nakala zithibitishwe na wakili mapema. Usisubiri asubuhi ya usaili. Na usimwachie mtu cheti halisi, awe mwajiri, awe dalali wa kazi. Anayekagua anatazama, anarudisha, anabaki na nakala kwenye faili. Anayekuomba pesa ili akuombee kupitia Ajira Portal anakuibia, kwa sababu kuomba ni bure.

Kampuni binafsi za huku mjini hazina utaratibu mmoja. Nyingine zitataka namba ya NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa tu, nyingine zitataka wadhamini. Wapeni mnachoombwa, lakini jina liwe lile lile.

Nina neno pia kwa wenzetu wasio Watanzania, maana UDOM wapo, na wengine hupenda kubaki baada ya masomo. Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi hakikupi ruhusa ya kuajiriwa. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na mwombaji ni mwajiri wako. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Vinatakiwa vyote viwili, na mwajiri anatakiwa kuonyesha kuwa ujuzi huo haupatikani kirahisi nchini na namna atakavyourithisha kwa Watanzania. Kutoka nchi ya Afrika Mashariki hakukuondolei hitaji hilo. Mwajiri akikwambia uanze kwanza, kibali kitafuata, kataa kwa heshima. Lakini aliyepata uraia kwa tajnisi yeye ni raia, kama wale maelfu wenye asili ya Burundi waliopewa uraia mwaka 2014. Aambatanishe cheti chake cha tajnisi na aombe kazi bila unyonge.

Ukishapata barua ya ajira, utaombwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na akaunti ya benki. Zifungue zote kwa jina lile uliloliweka sawa, herufi kwa herufi, na kabla ya kusaini fomu yoyote soma kilichoandikwa na karani, hasa kama jina lako lina ritifaa.